Mwenye usonji au msonji: nani achague jina?

Mtoa mada:
Shuleni kwetu tunaandaa mabango ya tarehe 2 Aprili, Siku ya Usonji Duniani (usonji ni ile hali ya ukuaji wa ubongo iitwayo «autism» kwa Kiingereza), na walimu tumegawanyika. Wengi wanataka «mtoto mwenye usonji», kwa kufuata Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010, ambayo hata jina lake limeliepuka neno «walemavu». Lakini kijana mmoja tuliyemfundisha zamani anajiita «msonji», na anasema usonji si mzigo aliotwishwa njiani. Tuandike lipi?

Mchangiaji wa kwanza:
Mwalimu, mimi ni mzazi. Binti yangu ameitwa zezeta, ameitwa taahira, na wapo waliodai kwamba amerogwa. Tulihangaika miaka mingi hadi majirani wakajifunza kusema «mwenye usonji», kwa hiyo nikisikia «msonji» nahofu kwamba baada ya muda litakuwa tusi jingine la watoto uwanjani.

Mchangiaji wa pili:
Hofu ya mzazi ni ya haki, ila sehemu ya mvutano huu tumeiazima kutoka kwenye Kiingereza. Jim Sinclair wa Marekani, ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 1999 kwamba msemo wa «mtu mwenye usonji», kwa lugha yake, unaonyesha kana kwamba usonji unaweza kutenganishwa na mtu. Kwetu «mwenye» hubeba maana ya umiliki: mwenye nyumba na mwenye mji hawajabebeshwa chochote, nao ndio wenye kauli. Kwa hiyo neno hilo halimtengi mtu kwa kiasi kile, ingawa hoja hii haitoshi kumnyamazisha kijana wenu.

Tuwatazame viziwi. Wapo wanaoona ni adabu kusema «wasiosikia», lakini chama chao wenyewe kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania. Wasioona, kwa upande wao, wamelikimbia neno «kipofu». Sarufi haikuamua lolote hapo, waliamua wenye jina. Mimi ningeandika «wenye usonji» kwa watoto ambao bado hawajajichagulia, na «msonji» kwa anayejiita hivyo. Ninachokikataa kabisa ni «anaugua usonji», maana usonji si malaria.

Mtoa mada:
Tumefanya hivyo, na bango la pili tumemwachia kijana aliandike kwa mkono wake. Ameuliza kwa nini lake limetundikwa ukumbini na letu getini.