Mwalimu wa dropshipingi amenituma nikakaange vitumbua, na nyote mnamjua

Ndugu wanajukwaa, naandika vidole vikiwa bado vinatetemeka. Simtaji jina, wala hakuna haja, kwa maana hapa nchini hayupo mwenye simu ambaye hajakatiziwa video na yule bwana anayeegemea gari jeupe lisilo lake, akiapa kwamba dropshipingi, yaani kuuza mtandaoni bidhaa ambayo mwenye mzigo humtumia mteja wako moja kwa moja, ni kuuza bila mtaji, bila stoo na bila kuinuka kitandani. Usiku huu, katika darasa lake ambalo ada yake ingetosha mahari ya ukoo mzima, nilimwuliza swali la adabu: mteja wa Marekani ushuru wake atalipa nani, ilhali ule msamaha wa vifurushi visivyozidi dola 800 ulifutwa kwa bidhaa za China tarehe 2 Mei 2025, na kwa nchi nyingine zote tarehe 29 Agosti? Akanijibu mbele ya darasa zima: "Dada, wewe kakaange vitumbua."

Vitumbua! Kabla ya hapo nilikuwa nimeuliza fedha zitaniingiaje, kwa kuwa katika huduma za malipo ya mtandaoni, akaunti ya PayPal ya Tanzania ni ya kutuma tu na Stripe haimfungulii akaunti mfanyabiashara wa hapa, naye akasema kila mtu atafute binamu aliyeko nje. Ndugu yangu wa mbali kuliko wote yuko Kibaha. Hilo nililimeza, lakini vitumbua, mbele ya darasa zima, na wanafunzi wakamwekea vikaragosi vya kucheka!

Winga Mstaafu: Pole, dada, ingawa kucheka nimecheka. Dropshipingi sisi wa Kariakoo tuliifanya kabla intaneti haijafika: winga hana duka, humdaka mteja njiani, huchukua mzigo katika duka la mwingine na kuweka cha juu chake. Ila kiatu kikiwa kibovu, winga hurudi Mtaa wa Kongo siku hiyohiyo. Wewe utakirudisha Guangzhou, China, kwa mguu?

Karani Mchovu: Mleta uzi aachane na Marekani auze hapahapa, kisha aone. Bidhaa nyingi zilizokamilika hutozwa ushuru wa asilimia 25 au 35, halafu VAT ya asilimia 18 juu yake, na mteja wetu halipi mpaka mzigo uwe mkononi. Kwa hiyo anayeanza ndiye anayemlipa Mchina kwanza, kisha anaomba Mungu mteja asizime simu. Huo ndio mtaji ambao waliambiwa hauhitajiki.

Mleta uzi: Nashukuru kwa hesabu, lakini hakuna hata mmoja wenu aliyelaani vitumbua. Mbele ya darasa zima!

Mjukuu wa Mzee: Vitumbua vinauzwa na kuisha kabla ya saa tatu asubuhi, na fedha huingia bila binamu. Huenda hilo ndilo somo pekee la kweli alilolifundisha.

Bint Tandika: Afadhali wewe umetukanwa tu. Mimi nililipa kwanza kwa yule dada wa Instagram, mnamfahamu, anayeuza kwa picha za watu na mzigo hajawahi kuugusa. Nilisubiri gauni refu la harusi mpaka bibi harusi akajifungua, na lilipofika lilimtosha mtoto. Nilipolalamika alinijibu kwamba picha ni ya kiwandani.

Mtu wa Makontena: Gauni moja lilikujaje kwa kuchelewa hivyo? Kwa ndege mzigo hutozwa kwa kilo, na kwa meli hutozwa kwa ujazo. Bila shaka alikuwa akisubiri wateja wengine ili ajaze furushi moja.

Bint Tandika: Ndivyo alivyofanya! Kuna wakala wa Guangzhou asiyetuchelewesha namna hiyo?

Mtu wa Makontena: Yupo. Nitakutumia namba yake faragha.

Karani Mchovu: Na mimi naiomba.

Mleta uzi: Jamani, uzi huu ni wangu.

Winga Mstaafu: Nami pia, mkuu, hasa kama anapokea viatu.