Kuchomoa chaja na kuzima taa, au kubana maji ya moto: kipi kinaokoa umeme zaidi?

Kizibo
Wakuu, nyumbani kuna ubishi. Mwenzangu kila usiku anapita chumba kwa chumba kuchomoa chaja na kuzima taa. Mimi nasema anajichosha bure, mwizi wa uniti yuko bafuni. Wanaojua hesabu watuamue.

FundiWaya
Hesabu yenyewe ni nyepesi: wati mara saa, gawa kwa 1,000, unapata uniti. Hita ya bafuni ya wati 5,000, ile inayopasha maji yanapopita, ikiwaka dakika 12 imeshakula uniti 1. Chaja ya kisasa iliyobaki kwenye soketi bila simu haifiki kwa kawaida hata nusu wati. Tuseme ni nusu kamili: ingehitaji saa 2,000, yaani siku 83, kula uniti hiyo moja. Kifaa chochote cha kutoa joto ndicho cha kukimbilia kwanza. Hita, jiko, pasi, birika.

MamaPacha
Naomba nimtetee huyo mwenzako. Taa inategemea balbu. Zile za zamani za wati 60, tano zikiwaka saa tano, ni uniti 1.5 kila jioni. Balbu tano za LED za wati 9 kwa muda huohuo hazifikishi robo uniti. Kwangu tulibadilisha zote, na tangu hapo nimeacha kumfokea mtu kwa sababu ya taa ya korido.

Kizibo
Zetu zote ni LED. Kwa hiyo nimeshinda?

FundiWaya
Usishangilie mapema. King'amuzi chenu mnakizima kwa rimoti tu? Vipo vinavyoendelea kuvuta wati 10 hivi hata kataa kekundu kakiwaka. Saa 24 kwa siku 30, hiyo ni uniti 7 na ushee. Mwambie aache chaja, azime king'amuzi kwenye soketi.

Mpole77
Sisi tuna hita ya tangi. Nimeambiwa tusiizime, eti kupasha maji upya kunakula zaidi kuliko kuyaacha yakiwa moto kutwa. Ni kweli?

FundiWaya
Si kweli, ingawa hata mafundi wenzangu wanalirudia. Tangi linavuja joto muda wote, na kadiri maji yalivyo moto ndivyo linavyovuja zaidi. Likipoa, uvujaji unapungua. Washa kabla ya kuoga, zima ukimaliza. Kama tangi limefunikwa vizuri na watu wanaoga kwa kupishana kutwa nzima, tofauti itakuwa ndogo, lakini haigeuki kuwa hasara.

MamaPacha
Nyongeza kwenye joto. Mashine ya kufulia ikipasha maji, sehemu kubwa ya umeme wake inaishia hapo, si kwenye kuzungusha nguo. Nguo zisizo chafu sana mimi nafua kwa maji baridi. Birika nalo, watu wanajaza hadi juu kwa ajili ya kikombe kimoja! Na pasi napiga mara moja kwa wiki, nguo nyepesi nazibakiza mwisho, nikishazima, zinanyooka kwa joto lililobaki.

Mpole77
Friji je? Hamjaligusa.

FundiWaya
Hilo halizimwi, kwa hiyo lilinde. Usiingize sufuria ya moto, acha nafasi nyuma yake lipumue, na bana karatasi mlangoni. Ikichomoka bila kukaza, raba imechoka na mota inafanya kazi bure. Nyuzi 4 kwenye friji na -18 kwenye frizi zinatosha.

Kizibo
Nimemwonyesha majibu yote. Chaja amezisamehe. Ila kuanzia kesho anasimama mlangoni kwa bafu na saa mkononi, na wa kwanza kupimwa ni mimi.