Eti "njia nyepesi ya familia"! Leo huyu mtu amevuka mpaka

MamaWawili:
Wakuu, nimerudi sasa hivi, viatu sijavua, mikono bado inatetemeka kwa hasira. Mnamjua. Simtaji, lakini kila aliyewahi kwenda matembezi ya Jumapili anamjua. Yule kiongozi wetu mwenye filimbi shingoni na fimbo mbili za kupandia milima, ndani ya bustani yenye bembea!

Alitangaza "njia nyepesi, vigari vya watoto ruksa, wazee karibuni". Nikamchukua mama mkwe, mdogo nikamlaza kwenye kigari, mkubwa akabeba mpira wake. Mwanzo raha tupu: lami laini, kivuli, bata bwawani. Njia ikapinda nyuma ya miti, zikaanza ngazi. Ngazi, wakuu! Za mawe, hii fupi, hii inakufika gotini, ukidhani umemaliza unakutana na nyingine. Zile ngazi zinaishia kwa malaika. Kokoto zinateleza, mizizi imekatiza, pa kushika hakuna.

Niko katikati, gurudumu la mbele limenasa kati ya mzizi na jiwe, kigari kimelala upande, mtoto kasinzia kichwa kimeangukia kwenye mkanda. Nyuma yangu foleni. Namwomba anishikie upande mmoja tu. Akasimama kule juu, mikono kiunoni, akasema kwa sauti ambayo hata bata waliisikia: "Njia siyo ngumu, mama. Wewe ndiye umekuja na mzigo."

Mzigo! Mwanangu! Mbele ya mama mkwe!

Hivi mtu uliyejipa kazi ya kutembeza familia za watu, unashindwa kusema tu kwamba kuna ngazi? Kilomita mbili alizotangaza zinanisaidia nini kama zote zinapanda? Niambie choo kiko wapi, maji yako wapi, njia inazunguka kurudi getini au nikifika mwisho ndiyo nigeuke. Basi! Hayo hakusema. Alichosema ni mzigo, halafu akapuliza filimbi akaendelea. Mtoto wangu mzigo, halafu FILIMBI.

Kivuli Cha Mwembe:
Pole sana dada. Huyo huyo alimwambia mama yangu anayetembelea mkongojo kwamba "anawachelewesha wenye miguu". Mama hajarudi tena.

MpitaNjia:
Na wewe nawe, kigari cha magurudumu madogo vile unakipeleka porini? Ungembeba mgongoni, yangeisha.

MamaWawili:
Porini wapi? Ni bustani ya mjini! Na kaandika mwenyewe vigari ruksa! Ningembeba mgongoni angeniita nini, lori?

MpitaNjia:
Labda alimaanisha kigari ndiyo mzigo, siyo mtoto.

MamaWawili:
Alikuwa anamwangalia mtoto. Usoni. Nilikuwepo, wewe ulikuwa kwako umelala.

Fundi Ramani:
Dakika anazotangaza yule zinanuka hesabu ya Naismith, Mskoti aliyeiweka mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Hiyo ni ya mtu mzima mwenye afya, asiyepumzika. Mtoto wa miaka minne anasimama kwa kila sisimizi! Na kuhusu mwinuko, viwango vya Marekani vya watu wenye ulemavu vinasema njia ikipanda zaidi ya mita 1 kwa kila mita 20 inahesabiwa kuwa rampu, yaani mteremko wa kupitishia kiti mwendo, na rampu mpya isizidi mita 1 kwa kila mita 12. Ngazi hazihesabiwi kabisa kuwa njia yao. Kuziita njia ya vigari ni uongo.

Jogoo Wa Asubuhi:
Mwalimu kaingia. Toeni madaftari.

Baba Subira:
Afadhali nyinyi mnafika kwenye ngazi. Mke wangu anatumia kiti mwendo. Getini wamesimika vyuma vya kuzuia pikipiki. Pikipiki zinapita pembeni kwenye majani, majani yameshakufa, pamekuwa barabara. Kiti hakipiti. Tunakaa nje tunaangalia watoto wetu kupitia uzio. Nimelalamika mpaka sauti imekauka.

Kivuli Cha Mwembe:
Duh. Hili lilistahili uzi wake.

Jogoo Wa Asubuhi:
Mimi shida yangu baiskeli. Ngazi angalau haikupigii kengele kisogoni. Juzi mmoja nusura amkumbe binti yangu penye kona, akageuka kunifokea MIMI.

Gia Ya Tatu:
Na nyinyi mnatembea watano sambamba mmeshikana mikono, tupite angani?

Fundi Ramani:
Hili lilishapata jibu zamani. Olmsted na Vaux waliposhinda shindano la kusanifu Central Park, bustani ya New York, mwaka 1858, mchoro wao ulizamisha barabara za kukatiza chini ya usawa wa bustani, magari ya farasi yapite bila kukutana na watu. Baadaye wakatenganisha njia za miguu, za farasi na za magari, kwa madaraja na vivuko vya chini. Leo tunachora mstari mweupe katikati ya lami tunasema tumemaliza!

Gia Ya Tatu:
Huo mstari wenyewe mnasimamia juu yake kupiga picha.

Mama Chichi:
Waache wa baiskeli, tuwazungumzie wenye mbwa. Kamba ndefu imekatiza njia nzima, mwenyewe anaongea na simu, mtoto anajikwaa, unaambiwa "haumi". Kila mbwa haumi mpaka siku anauma!

Simba Mpole:
Wangu kweli haumi.

Mzee Wa Benchi:
Bishaneni tu. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipigania Uhuru Park isijengewe ghorofa 60, wakamtukana hadharani, na mradi ukafa. Nyinyi mmekalia kengele na kamba. Mtaamka mkute mabati na ubao wa mkandarasi.

MamaWawili:
Jamani, tumefikaje kwa mbwa? Mwanangu kaitwa MZIGO!

Mama Chichi:
Subiri kidogo mama. Simba Mpole ajibu kwanza: kinyesi anaokota nani?