Tupeane uzoefu: geji ya tangi la maji matamu inaposema uongo

Usukani
Habari zenu wakuu. Naomba tukusanye hapa yaliyotukuta kwenye geji za maji matamu botini. Geji za mafuta zinazungumzwa sana, za maji zinapuuzwa, mpaka siku mko mbali na nchi kavu pampu inanguruma bure kwa sababu inavuta hewa. Ngoja nianze mimi.

Geji yetu ilikuwa inaonyesha tangi limejaa, saa zote. Watu wameoga, wamepika, mshale uko palepale juu. Wote botini wakasema sensa, kile kifaa cha ndani ya tangi kinachopima kimo cha maji, imekufa, na kuifikia ni lazima ung'oe mbao za sakafu. Kabla ya kugusa ubao wowote nikaenda nyuma ya geji. Pale kuna skrubu tatu: ya umeme, ya ethi (njia ya kurudi kwenye hasi ya betri), na yenye herufi S inayokwenda kwenye sensa. Nikachomoa waya wa S, mshale haukusogea. Nikaunganisha S na ethi kwa kipande cha waya, mshale ukashuka mpaka chini kabisa. Hapo nikajua geji ni nzima na ugonjwa uko mbele, kwenye waya au kwenye sensa yenyewe.

Nikaufuata waya. Karibu na tangi, pale unapopita chini penye unyevu, ganda la plastiki lilionekana zima kabisa. Nilipouvuta kidogo ukakatika: ndani shaba imekuwa nyeusi, inapukutika kama majivu. Nikakata hadi kwenye shaba inayong'aa, nikaunga waya wa shaba uliopakwa bati, nikafunga kiungo kwa mpira unaosinyaa ukipashwa joto. Mshale ukarudi kazini, na mbao hazikung'olewa.

Nisisitize hili. Sensa huiambia geji kiasi cha maji kwa ukinzani wa umeme, unaopimwa kwa omu. Sensa za Ulaya husoma omu 10 tangi likiwa tupu na 180 likijaa. Za Marekani ni kinyume, 240 tupu na 33 kujaa. Kwa hiyo waya ukikatika, geji ya Ulaya inasema mna maji tele na ya Marekani inasema hamna kitu. Hata kutu ya kawaida kwenye kiungo huongeza omu: mwenye mfumo wa Marekani anaonyeshwa maji pungufu, mwenye wa Ulaya anaonyeshwa ya ziada. Huyu wa pili ndiye ninayemhofia zaidi.

Demani
Asante sana mkuu, hizo namba ndizo zilizonitoa mimi. Nilinunua boti iliyotumika, na kila tukijaza maji mshale unashuka, tukitumia unapanda. Nikachomoa waya kwenye sensa tangi likiwa limejaa, nikapima kwa multimita (mita ya kupimia umeme): inakaribia omu 180. Nikageuza geji nikasoma nyuma yake, imeandikwa 240–33. Sensa ya Ulaya, geji ya Marekani. Vyote vizima, ila havielewani. Nikabadilisha geji, maana ndiyo rahisi kuifikia.

Ukipima omu, chomoa waya kwanza. Ukipima ukiwa umeunganishwa na umeme unapita, namba utakayopata haina maana.

Bintipwani
Kwangu ilikuwa sensa kweli. Ni ile ya bomba la chuma cha pua, boya lenye sumaku linapanda na kushuka juu yake, na ndani mna swichi ndogondogo zimepangana. Mshale ulikuwa unagoma katikati. Nikafungua skrubu tano nikaitoa: bomba lina chokaa nyeupe na utelezi, boya limenasa. Nikailoweka kwenye siki usiku, asubuhi nikasugua kwa kitambaa. Kisha nikasogeza boya kwa mkono taratibu huku mita imeunganishwa. Namba zilipanda kwa ngazi, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kwa aina hii, msishtuke. Ingekuwa kuna sehemu inakatika kabisa, ningejua swichi ya pale imekufa na hakuna cha kuosha.

Ndugu zangu, haya ni maji ya kunywa. Msipake grisi wala gundi yoyote mliyoikuta boksini. Gasketi iwe ya maji ya kunywa. Na matundu yale matano hayajapishana sawa, sensa inakaa upande mmoja tu, kwa hiyo weka alama kabla ya kuitoa.

Mzee wa Gati
Wanangu, kuna geji zinazolaumiwa bila kosa. Tangi lililofuata umbo la boti, pana juu na jembamba chini, nusu ya kimo si nusu ya maji. Likiwa na umbo la V kamili, mshale ukifika nusu mmebakiza robo. Mimi nililimaliza tangi, nikajaza kwa ndoo yenye alama za lita, kila ndoo naandika mshale uko wapi. Karatasi hiyo nimeibandika pembeni ya geji. Boti ikilala upande mmoja usisome, subiri ikae sawa.

Tanga Jeupe
Samahani wakuu, yangu iko sawa pampu ikiwa imezimwa. Ikiwaka mshale unaruka. Nibadilishe sensa?

Usukani
Usinunue kitu bado, kaka. Yaelekea sensa na pampu vinatumia ethi moja na kiungo chake kimechoka. Weka multimita kwenye volti, ncha moja kwenye ethi ya sensa, nyingine kwenye hasi ya betri, kisha mwambie mtu afungue bomba. Pampu ikiwaka namba inatakiwa ibaki karibu na sifuri. Ikipanda, fungua kiungo cha ethi, kipige msasa, kaza upya, au ivutie sensa waya wake wa ethi peke yake. Tuletee ulichosoma.

Tanga Jeupe
Imepanda mpaka volti 1 na ushee. Skrubu ya ethi ina ukungu wa kijani, naifungua sasa hivi.