Bodi ya mbao ya Land Cruiser kwenye Axial SCX10 II inapindua gari: nianzie wapi?

Mkwezi wa Mkomani (Lamu)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninalo gari la rimoti la kukwea mawe, Axial SCX10 II la kipimo cha 1/10, ambalo nililinunua likiwa chesisi tupu kutoka kwa jamaa aliyekuwa akihamia Mombasa. Mota yake ni ya brashi, ya mizunguko 35 ya waya, betri ni ya lithiamu ya volti 7.4, difu zote mbili (gia za katikati ya ekseli) zimefungwa ili magurudumu yote manne yazunguke kwa pamoja, na tairi zake ni za rimu ya inchi 1.9. Likiwa tupu lilikuwa likipanda mawe ya ufuoni bila taabu yoyote.

Bodi niliyoichagua ni ya Land Cruiser pikapu ya 79, kwa kuwa ndiyo gari ninayoweza kuipima mwenyewe kila nivukapo kwenda Mokowe; hapa mjini, kama mjuavyo, punda ni wengi kuliko magari. Gari halisi lina milimita 3180 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, kwa hiyo kwa kipimo cha 1/10 zinapatikana milimita 318, na chesisi yangu ina 313. Tofauti hiyo ya milimita tano hakuna anayeiona.

Mjomba wangu, ambaye ni mchonga milango, aliifanya bodi yote kwa mbambakofi, na ubao wa nyuma wa keria, yaani sehemu ya kubebea mizigo, akautia nakshi ya maua ambayo sijaona mfano wake kwenye gari lolote la namna hii. Kabini ina gramu 320 na keria gramu 280, yaani jumla ni gramu 600. Tangu niifunge, gari linapinduka ubavu mahali ambapo zamani lilikuwa likipita, na mota inapata moto kuliko kawaida. Ninafikiria kutia chubwi za wavuvi ndani ya rimu za mbele, jumla ya gramu 400 hivi, ili kulivuta gari chini. Je, hiyo ndiyo dawa, au ninunue mota nyingine? Kuivua bodi si jambo ninaloliweza, kwa sababu mjomba huja kuuliza habari zake kila Ijumaa.

Fundi wa Malindi

Waalaykum salaam, kaka. Liache suala la mota kwanza, kwa sababu mota haijui kama gari linaelekea kupinduka. Kinachoamua ni vitu viwili tu: upana kutoka ukingo wa nje wa tairi moja hadi ukingo wa nje wa tairi ya upande wa pili, na kimo cha kitovu cha uzito kutoka ardhini. Nusu ya upana ukiigawa kwa kimo hicho unapata tanjenti ya pembe ambayo gari litaangukia.

Tuchukue hesabu za gari la aina yako. Tuseme upana ni milimita 200, chesisi tupu ina uzito wa gramu 2400, na kitovu chake kiko milimita 75 kutoka chini. Gari hilo litapinduka likiinamishwa kiasi cha digrii 53. Sasa pandisha juu yake bodi ya gramu 600, ambayo kitovu chake kiko takriban milimita 160 kutoka chini; kitovu cha gari zima kinapanda hadi milimita 92, na pembe inashuka hadi digrii 47. Digrii sita hizo ndizo zinazokupotezea njia ufuoni.

Chubwi zako za gramu 400, zikikaa kwenye rimu kwa kimo cha milimita 50, zitakishusha kitovu hadi milimita 87 tu, nawe utapata digrii 49. Faida ni chini ya digrii mbili, na kwa faida hiyo ndogo umeiongezea mota inayolalamika mzigo mwingine wa karibu nusu kilo. Linganisha na njia nyingine: kabini ndiyo iliyo juu zaidi, kwa kukisia milimita 190. Ukimwomba mjomba aikwangue kwa ndani mpaka ibaki na unene wa milimita mbili, itashuka kutoka gramu 320 hadi 100 hivi. Kitovu kitakuwa milimita 84 na pembe itakaribia digrii 50, hali gari limekuwa jepesi badala ya kuwa zito. Gramu 220 zilizotolewa juu zimefanya kazi kubwa kuliko gramu 400 zilizoongezwa chini, na nakshi ya keria haijaguswa hata kidogo.

Usiniamini kwa maneno. Chukua ubao, weka gari juu yake kwa ubavu wa mteremko, pigilia kijiti chembamba kwenye ukingo wa chini ili tairi zisiteleze, kisha uinue ubao polepole huku simu yenye programu ya kupimia pembe ikiwa imelazwa juu ya ubao huohuo. Pale tairi za juu zinapoanza kuachana na ubao ndipo penye jibu lako. Springi zikiwa laini gari litaegemea na pembe itapungua zaidi ya hesabu, kwa hiyo pima mara moja kama lilivyo na mara nyingine ukiwa umezifunga shokamzoba kwa kamba, ili ujue lawama ni ya uzito au ni ya springi.

Nyari Kila Jumapili (Marafa)

Hesabu ya Fundi ni sahihi kwa ubavu, lakini nadhani amezionea chubwi. Sisi tunaopanda kingo za Nyari, korongo la hapa Marafa, hatutii uzito mbele kwa ajili ya kuzuia kulala ubavu. Tunautia kwa sababu gari linapopanda mteremko mkali uzito wote hurudi nyuma, tairi za mbele zinabaki kupapasa hewani, na hatimaye gari linaanguka kichalichali. Kwenye mlima, suala ni umbali wa kitovu cha uzito kutoka ekseli ya nyuma. Chesisi ya milimita 313 yenye uzito uliogawanyika nusu kwa nusu ina milimita 156 tu za kujitetea. Asilimia 60 zikiwa mbele, inazo 188.

Kwa hiyo pima kabla ya kuamua. Weka tairi mbili za mbele juu ya mizani ya jikoni na zile za nyuma juu ya kitabu chenye kimo sawa na mizani, usome, kisha ugeuze. Keria ya mbambakofi ya gramu 280 imekaa juu ya ekseli ya nyuma, na sitashangaa ukikuta nyuma ni kuzito kuliko mbele. Ikiwa ndivyo, jambo la kwanza ni kuihamisha betri: ishushe na uisogeze mbele kadiri waya zinavyoruhusu, kwa sababu huo ni uzito ambao tayari unaubeba. Chubwi zifuate baadaye, na gramu 100 kwa kila gurudumu la mbele zinatosha. Ukizidisha, servo ya usukani, yaani kimota kinachogeuza magurudumu ya mbele, ndiyo itakayolipa, hasa ikiwa meno yake ni ya plastiki, kwa kuwa inalazimika kuligeuza gurudumu zito lililobanwa kati ya mawe mawili. Na kwa kuwa chubwi ni risasi, usizikate juu ya meza ya chakula, na unawe mikono ukimaliza.

Kuhusu mota, ile ya mizunguko 35 inatosha. Ikiwa moto unaendelea hata baada ya kupunguza uzito, badilisha pinioni, ile gia ndogo ya kwenye shafti ya mota, uweke yenye meno machache zaidi. Gari litakwenda polepole, jambo ambalo kwenye mawe ni sifa.

Kijana wa Kisauni

Kwa nini mjisumbue na mbao? Pasua bomba la PVC la inchi nne kwa urefu, litie katika maji yanayochemka mpaka lilainike, kisha ulibane katikati ya mbao mbili. Utapata bati la plastiki lililonyooka, unakata kabini nzima kwa mkasi wa bati, na gharama ni ndogo mno.

Fundi wa Malindi

Njia hiyo inafanya kazi, na kwa vifuniko vya tairi na bampa naipenda sana. Kwa kabini inayotakiwa kuwa nyepesi, hapana. Tupa kipande cha bomba na kipande cha mbambakofi kavu kwenye ndoo ya maji: bomba litazama, mbao itaelea. Kwa unene uleule, PVC itamwongezea uzito pale pale tunapojaribu kuupunguza. Na mtu asijaribu kulilainisha bomba kwa moto wa jiko, kwa sababu PVC ikiungua hutoa moshi wenye asidi unaoumiza mapafu.

Baharia Mstaafu (Shela)

Mwanangu, wenzio wamekujibu habari ya uzito nami sina la kuongeza, ila umetaja ufuo na hukutaja chumvi hata mara moja. Gari lako litakufa kwa chumvi kabla halijafa kwa kupinduka.

Maandishi ya kwamba kifaa hakiingii maji yasikudanganye. Kampuni ya Traxxas, ambao magari yao ya rimoti yanauzwa kwa sifa ya kupita majini, wanakataza waziwazi kuyaendesha katika maji ya bahari. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya kisima, kwa hiyo penye waya mbili zilizo wazi shaba hubadilika rangi ya kijani upesi, na mota ya brashi, ambayo imeachwa matundu ili ipumue, huyapokea yote. Pita kwenye mawe makavu yaliyo juu ya mstari wa maji kujaa, na ukiona kidimbwi kilichobakizwa na bamvua, kizunguke.

Beringi ndizo za kutazama kwanza. Zile zenye kifuniko cha chuma huachia mchanga mwembamba uingie. Tafuta zenye kifuniko cha mpira, na unapofunga ekseli jaza grisi ya boti mpaka itokeze pembeni, kisha upanguse. Skrubu zote za nje ziwe za chuma kisichoshika kutu. Na kwa kuwa tunazungumza habari ya kuongeza uzito, jihadhari na vipande vya shaba ya manjano vinavyouzwa kwa kazi hiyo na kufungwa juu ya alumini: metali hizo mbili zikikutana na unyevu wa bahari, alumini huliwa, nawe utaona unga mweupe kwenye maungio. Pakaa grisi katikati yake, au tumia chubwi zako zikiwa zimezungushiwa tepu ndani ya rimu, ambako hazigusi kitu.

Ukirudi nyumbani, pangusa gari kwa brashi kavu kwanza ili mchanga utoke, ndipo upitishe kitambaa chenye maji baridi ya kisima. Ukianza na maji, mchanga wote unageuka uji na kuingia ndani zaidi. Mota izungushwe dakika moja bila mzigo ili ikauke, na mwisho tone moja la mafuta kila upande wa shafti.

Ukija huku kwetu kwenye vilima vya mchanga, usipite penye majani yanayoushika mchanga, maana maji ya visima vya mji yanatokana na mchanga huo. Isitoshe, tairi za kukwea mawe na difu zilizofungwa hazifai kitu kwenye mchanga mlaini. Linachimba tu mpaka tumbo liguse. Pita penye mchanga mgumu ulioachwa na maji kupwa, bila kuyagusa maji yenyewe, na kwa mwendo wa kasi kidogo.

Mkwezi wa Mkomani (Lamu)

Mzee wangu, shikamoo, na nyote nawashukuru. Nimepima kama mlivyoelekeza. Tairi za juu zimeachana na ubao kwenye digrii 45, na nilipozifunga shokamzoba gari likafika 47, kwa hiyo hesabu ya Fundi imekaribia mno na springi zangu ni laini kupita kiasi. Kwenye mizani, nyuma kuna asilimia 54, jambo ambalo Nyari alilikisia. Betri nimeishusha na kuisogeza mbele.

Mjomba amekubali kuikwangua kabini, lakini anasema kwamba mbao ya milimita mbili itapasuka mara ya kwanza gari likianguka juu ya paa, na kwamba nguzo za madirisha zitakatika hata kabla ya hapo. Je, kuna namna ya kuizuia?

Fundi wa Malindi

Mjomba anaijua kazi yake, na wasiwasi wake ni wa haki. Nguzo za madirisha aziache na unene wa milimita nne, kwa kuwa ni nyembamba na uzito wake ni mdogo. Akwangue paa, ubao wa nyuma wa kabini na milango, ambako ndiko kwenye eneo kubwa. Akishamaliza, bandika kitambaa chembamba cha pamba ndani ya kabini yote kwa gundi ya epoksi ya sehemu mbili, ukikilaza ili nyuzi zake zikatize nyuzi za mbao. Gundi iwe kidogo tu, kiasi cha kulowesha kitambaa, na inayobaki uikamue kwa kipande cha kadi ya simu, kwa sababu epoksi nayo ina uzito na itakurudisha ulikotoka. Mbao ikipasuka, kitambaa kitaishikilia na ufa utafungwa kwa gundi jioni hiyohiyo.

Kwa nje, ipake mafuta au vanishi kabla ya kuifunga, na usisahau kingo za chini na ndani ya matundu ya skrubu, maana huko ndiko unyevu unakoanzia. Kwa springi, usikimbilie kununua ngumu. Tia kwanza pete za plastiki juu ya springi za upande wa nyuma, kisha ulirudishe gari kwenye ubao na utuletee digrii mpya.