Msaada: bosi kaleta seva mtumba ya Dell na diski 6, niiweke RAID gani na niitunze vipi?

Kijana wa Futeji
Wakuu habari za majukumu. Niende moja kwa moja. Mimi ni edita kwenye studio ya video hapa Sinza, tunapiga harusi, send-off na dokumentari za taasisi, na kwa vile ndo mwenye uelewa wa kompyuta kuwazidi wenzangu basi kila chenye waya ni changu. Kazi zetu zote ziko kwenye diski za ekstenali, droo imejaa, nyingine hata lebo hazina, mteja akija kuomba harusi yake ya mwaka juzi tunachomeka moja moja mpaka tuipate. Jumla nimepiga hesabu ni kama TB 11 hivi.

Sasa bosi kapita Kariakoo karudi na seva ya Dell PowerEdge R720xd mtumba, ile ya sloti 12 za mbele, ina kadi ya RAID (inayounganisha diski nyingi zionekane kama moja) ya PERC H710, RAM GB 64 na diski 6 za WD Red za TB 4. Anataka niiweke RAID 0 (inagawa data kwenye diski zote bila akiba yoyote) apate spidi na TB 24 zote. Mimi nimesomasoma nikaona RAID 5 ndo yenyewe maana diski moja ikifa hupotezi kitu, halafu nikishahamisha kila kitu tuuze zile ekstenali tupate hela ya swichi ya netiweki.

Naomba ushauri: RAID ipi, Windows Server au TrueNAS (mfumo wa seva ya mafaili), na je naweza kuibana kwenye ile raki (kabati la vifaa) ya ukutani tuliyofungiwa na watu wa intaneti? Tuko maedita watatu, wawili Windows mmoja Mac. Umeme wa huku kwetu mnaujua wenyewe. Nawasilisha.

Mzee wa Kebo
RAID 0 diski sita?? Mkuu mwambie bosi kwa heshima zote kwamba hapo diski moja ikizima zote sita zimeondoka, harusi za watu zote kwishney. Hiyo hata usiijadili.

Na ekstenali USIUZE. Wengi hapa ndo wanapopotelea. RAID ni stepni, siyo bima, inakusaidia ufike safari yako tairi likipasuka ila gari likiibiwa stepni nayo imeenda humo humo. Mtu akifuta folda kwa bahati mbaya RAID inafuta kwenye diski zote kwa uaminifu mkubwa kabisa. Kirusi kikifunga mafaili ni hivyo hivyo, moto ni hivyo hivyo, mwizi ni hivyo hivyo.

Bwana Shortikati
Si muweke tu Google Drive maisha yaendelee, mambo ya maseva ya nini zama hizi

Mzee wa Kebo
@Bwana Shortikati piga hesabu kwanza. TB 11 kwa aplodi ya Mbps 20 bila kukatika hata sekunde ni kama siku 50 mfululizo. Na hapo hawajapiga harusi ya Jumamosi ijayo.

dada_netiweki
Mimi naongelea raki tu maana hayo ya RAID yana wenyewe. Ile raki ya ukutani sahau kaka. Hizo nyingi zina kina cha sm 45 au 60, zimetengenezwa kwa ajili ya swichi na rauta. R720xd ina kina cha sm 70 kwenda juu ukihesabu na vishikio vya pawa za nyuma, itachungulia nje kama ulimi na mlango haufungi. Halafu ikiwa na diski zake inakaribia kilo 30, mabano ya ukutani hayajawekwa kwa uzito huo, siku yakiachia yameng'oa na plasta.

Tafuta raki ya kusimama chini yenye kina cha mm 1000. Siyo lazima U 42 (U ni kipimo cha urefu wa vifaa vya raki), hata ya U 12 au 18 inakutosha, seva yenyewe inakula U 2 tu (U moja ni mm 44.45). Muulize bosi kama alipewa reli zake, mtumba mara nyingi huja bila reli, na reli za modeli nyingine usilazimishe. Ukiikosa reli weka shelfu ya kubeba mzigo mzito iliyofungwa mbele na nyuma. Siku ya kupandisha chomoa diski zote kwanza zipange mezani kwa mpangilio wake, pandisheni kasha tupu mkiwa wawili. UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) ikae chini kabisa, seva juu yake, swichi juu.

Na isikae chumba cha kueditia!! Zile feni zikiwaka asubuhi ni ndege inaruka. Joto je, seva ya wati 250 inatoa joto la kama BTU 850 kwa saa mchana na usiku, AC ndogo inaimudu vizuri tu, tatizo ni mlinzi anayezima AC saa 12 jioni eti anabana matumizi. Ongea naye mapema.

Chui Mkimya
Kwenye RAID 5 na 6 (hii inavumilia diski mbili kufa) mimi nasema 6, na sababu ni hii. Diski ikifa kwenye RAID 5, ili kujenga upya mashine inabidi isome diski tano zilizobaki mwanzo hadi mwisho, yaani TB 20. Kiwanda kinaandika kwenye diski za daraja hilo kosa moja la kusoma kwa biti 10 kwa kipeo cha 14, ambayo ni kama TB 12.5. Kwa hiyo kwa karatasi unaweza kukwama katikati ya kujenga.

Sloti Tupu
@Chui Mkimya hiyo hesabu imezidi kutisha watu mkuu. Kiwanda kinasema kosa "chini ya" hapo, watu wanasoma TB 20 kila mwezi bila kosa hata moja. Ila nakubaliana nawe kwenye jibu, RAID 6. Sababu yangu ni nyingine: hizo diski zimenunuliwa pamoja, zimetoka mtumba pamoja, zina umri unaofanana, ya kwanza ikienda zile nyingine zinafanyishwa kazi ngumu masaa mengi kwenye joto lile lile, hapo ndo ya pili inaaga. Ukiwa na RAID 6 ya pili ikiaga bado unapumua.

Kwa diski 6 za TB 4 unabaki na TB 16, kompyuta itakuonyesha kama 14.5 usishtuke. RAID 10 (diski zinakaa pacha pacha) ingekupa TB 12, inaonekana 10.9, kwa mzigo wako wa TB 11 ni kujibana tu.

Sasa ngoma iko kwenye hiyo H710. TrueNAS inatumia ZFS (mfumo wa kupanga diski na mafaili), na ZFS inataka izione diski zenyewe laivu. H710 haina njia ya kupitisha diski moja kwa moja, watu wanadanganya kwa kutengeneza RAID 0 ya diski moja moja mara sita, usifanye hivyo, unaficha taarifa za SMART (diski inavyojipima afya yake) na diski zinabaki mateka wa hiyo kadi. Ama uiflashi kadi, yaani ubadilishe programu yake ya ndani, iwe HBA tupu ya kupitisha diski bila RAID (inawezekana, miongozo ipo, lakini fanya kwa utulivu umeme ukiwa wa uhakika), ama utafute kadi nyingine mfano LSI 9207-8i.

Mzee wa Kebo
Au aache kuhangaika, H710 inajua RAID 6 vizuri tu, anaingia menyu ya kadi dakika kumi amemaliza, anaweka Windows Server anaendelea na harusi zake. Siyo kila mtu anataka kuwa fundi wa ZFS bana. Cha kuangalia ni betri ya kadi. Seva ya umri huo betri huwa imechoka, na ikichoka kadi inaacha kutumia kashe ya kuandikia (kumbukumbu ya muda inayoharakisha kuandika), utashangaa kukopi kunatambaa ukadhani swichi mbovu. Betri zake zinapatikana.

Sloti Tupu
@Mzee wa Kebo sikatai, inafanya kazi. Mimi kinachonivuta kwenye ZFS ni viwili, inakagua kila bloku kwa cheksamu (namba ya kuhakiki) kwa hiyo faili likioza kimyakimya utajua, na snapshoti (nakala ya hali ya mafaili ya wakati fulani). Edita akifuta folda saa nne asubuhi unairudisha ya saa tatu, kazi ya dakika moja. Kwa studio hiyo peke yake inalipa. Na siku seva yenyewe ikifa unahamishia diski kwenye mashine yoyote yenye ZFS unafungua, hutafuti kadi ya ndugu yake.

msee_wa_data
Niko Nairobi, kazi yangu ni kuitwa wakati maji yashamwagika. Kuna ofisi fulani niliitwa, RAID 5, diski nane. Diski moja ilikufa, taa ya njano ikawaka, lakini raki ilikuwa imefungwa na funguo iko kwa mhasibu, na seva haikuwahi kusetiwa kutuma imeili. Hiyo taa iliwaka miezi mingi bila mtu kuiona. Siku ya pili ilipokufa ndo wakajua wana RAID. Kijana wao akachomoa diski akazibadilishana sloti akitafuta bahati, kadi ikaleta ujumbe wa Foreign Configuration, ina chaguo la Import (kuupokea mpangilio) na la Clear (kuufuta), yeye akabonyeza Clear. Hapo ndo alifuta ramani ya RAID yenyewe.

So bro, kabla hujaweka hata faili moja fanya mazoezi. Seti imeili, kisha chomoa diski moja ikiwa inawaka, uone ujumbe unafika kwa simu yako na ya bosi. Rudisha, angalia inavyojijenga, inachukua masaa mangapi. Na bandika karatasi kwa kila trei, namba nne za mwisho za siriali, ndio siku mfumo ukisema diski fulani imekufa usichomoe nzima. Diski mbili zikilala pamoja, usiguse kitu, zima, piga simu.

Kijana wa Futeji
Aisee nashukuru sana wakuu, nimemsomea bosi ile ya stepni kacheka lakini kaelewa. RAID 0 imekufa rasmi. Nimeshawishika na TrueNAS, RAIDZ2 (RAID 6 ya ZFS). Ekstenali haziuzwi. Ila swali, nafasi ikijaa inakuwaje, na umeme? Hapa ukikatika huwa unarudi kwa kishindo.

Sloti Tupu
Nafasi usiiache ipite asilimia 80, ZFS inaanza kuwa nzito. Una sloti sita tupu, ukipata hela unaongeza kundi jingine la diski sita RAIDZ2 kwenye puli (hifadhi ya pamoja ya ZFS) ile ile. Kuna na njia ya kuongeza diski moja moja kwenye kundi lililopo, ilikuja na OpenZFS 2.3 ya Januari 2025, ila mimi ningeenda na kundi zima. Mfumo wenyewe usikalie sloti za mbele, angalia nyuma kama yako ina zile mbili ndogo, weka SSD mbili humo.

Seti skrabu (ukaguzi wa data yote) mara moja kwa mwezi usiku wa Jumapili, hamna mtu. Jaribio refu la SMART nalo kila mwezi, tarehe tofauti.

dada_netiweki
UPS: chukua ya sine wevu halisi (wimbi laini la umeme), hizi pawa za seva hazipendi wimbi la mikato. Angalia wati siyo VA, wauzaji wanakutajia VA maana namba ni kubwa. Halafu chomeka kebo yake ya USB kwenye seva, TrueNAS ina huduma ya UPS ndani yake, unaiambia betri ikibaki kidogo izime yenyewe kwa adabu. Watu wananunua UPS ya hela nyingi wanaacha hiyo kebo kwenye boksi, umeme ukikata usiku inalia, inaisha, seva inazimika ghafla vile vile.

Netiweki ya 1G itakupa kama MB 110 kwa sekunde mgawane watatu, kwa video za 4K mtaumia. Angalia kadi ya netiweki ya hiyo Dell, kuna zinazokuja na poti mbili za 10G.

Mzee wa Kebo
Na bakapu mkuu, usiishie kwenye ekstenali za zamani. Desktopu yoyote yenye diski mbili kubwa, kaiweke nyumbani kwa bosi, kila wiki peleka mabadiliko.

Chui Mkimya
Kabla ya yote hayo, hizo WD Red lebo zake zinasemaje? Modeli kamili.

Kijana wa Futeji
Nimezichomoa sasa hivi. Nne zimeandikwa WD40EFRX, mbili WD40EFAX.

Chui Mkimya
Nilikuwa naogopa hilo. EFRX nne ziko poa. EFAX mbili ni SMR, zinaandika njia zikilaliana, mwaka 2020 WD wenyewe walikiri kwamba baadhi ya Red ni SMR baada ya watu kupiga kelele. Kwa ekstenali hazina shida, kwa ZFS siku ya kujenga upya zinazama, kazi ya masaa inageuka ya siku na zinaweza kutupwa nje ya puli kabisa. Rudisha hizo mbili. Omba EFRX, au EFZX, au EFPX.

Kijana wa Futeji
Muuzaji kakubali kubadilisha ila anataka niongeze hela kidogo. Naenda kesho asubuhi.

Chui Mkimya
Beba laptopu na adapta ya USB, usilipe kabla hujasoma SMART pale pale dukani. Namba 5, 197 na 198 (zinahesabu sehemu mbovu za diski) zote ziwe sifuri, siyo "chache". Angalia na masaa ya kuwaka, akikupa yenye masaa elfu hamsini anakuuzia uchovu wa mtu mwingine. Akigoma usiipime, mwachie hiyo diski, duka la pili halipo mbali.

dada_netiweki
Na ukiwa huko huko Kariakoo chukua zile nati za kizimba za M6 za raki, nunua pakiti nzima, zinapotea hizo.