Kuunganisha RAM za mashine nyingi: DSM, MPI au Redis?

mnyamwezi_tbr: Wakuu habari za jioni. Niko Tabora mjini, nina kompyuta 6 za mtumba, RAM 4GB kila moja, na faili la vipimo vya mvua kubwa kuliko RAM ya mashine yoyote hapa, nikilifungua tu mashine inaganda. Nasikia kuna mfumo unafanya RAM zote zionekane moja, si ndo jibu hilo? Au MPI, ile ya programu kutumiana mesiji kati ya mashine, au Redis, ile hifadhi ya data inayokaa kwenye RAM?

mzee_wa_ujiji: Hiyo ni DSM mkuu (distributed shared memory, yaani RAM ya pamoja kwa mashine nyingi), ya kitambo, Kai Li alijenga mfumo wa IVY pale chuo cha Yale miaka ya 80. Programu ikigusa peji (kipande cha RAM) isiyokuwepo kwako prosesa inasimama, mfumo unaenda kuivuta kwa mashine nyingine, programu yenyewe haina habari. Kusoma poa tu, kila mashine inabaki na kopi. Balaa kuandika, mpaka kopi za wenzio zote zibatilishwe kwanza.

fundi_mwanga: Na peji ni baiti 4096. Mashine A inaandika mwanzoni, B mwishoni, hawagusani kabisa lkn peji nzima inapigwa danadana kwenye swichi ya mtandao, kama wauza dagaa wawili wenye daftari moja la madeni. RAM inajibu kwa nanosekunde 100 hivi, swichi ya gigabiti ni makumi ya maikrosekunde na kuendelea, piga hesabu mwenyewe.

mnyamwezi_tbr: TreadMarks je? Naona inasifiwa

fundi_mwanga: DSM ya chuo cha Rice hiyo, ilitibu hapohapo, inatuma tofauti tu sio peji nzima, tena mpaka mwenzio achukue loki (zamu ya kutumia data). Ila ni ya miaka ya 90, kuikalisha kwenye Linux ya leo utazeeka.

binti_kasulu: Jamani kwani anajumlisha tu? Kama ni hivyo asome mstari kwa mstari kwenye mashine moja, RAM ya jirani ya nini

mnyamwezi_tbr: Hapana dada, nalinganisha kila kituo na vingine vyote

binti_kasulu: Haya basi MPI. Redis inafaa watu wengi wakiuliza kitu kilekile, wewe huna hao. Gawa vituo mafungu 6, kila mashine ishike fungu lake na ipokee fungu la jirani, ikilinganisha inalipitisha mbele, mpaka yazunguke yote. RAM inabeba mafungu mawili tu kwa wakati mmoja. Programu itakuwa ndefu, kweli, ila unajua kila mesiji inaenda lini. Na useivu diskini kila mzunguko, maana umeme ukikata kwenye mashine moja, kwa kawaida MPI inaua kazi yote.

mzee_wa_ujiji: Hapo sina ubishi. Swichi yako ni ya megabiti 100 au gigabiti?